Sukari ya mimba haishuki, na kuna kitu sijamwambia dokta

Habari dada, pole na majukumu. Naomba jina langu lisitoke maana wifi zangu wote wanasoma hii safu na hili jambo sijamwambia mtu.

Mimi ni msusi, nina miaka 31, nipo Dar, nina fremu yangu ndogo ya saluni na mabinti wawili wananisaidia. Nina mimba ya pili, wiki ya 29 sa hivi. Ya kwanza haikunisumbua kabisa, nilisuka mpaka siku mbili kabla ya kujifungua. Hii sasa, wiki ya 26 nilipoenda kliniki wakanipa ile glukosi ya kunywa, majibu yakatoka 5.6 kabla sijanywa na 9.1 baada ya masaa mawili, nesi akasema mama una kisukari cha mimba, akanipa karatasi ya chakula na tarehe ya kurudi.

Hapo ndo vita ikaanza nyumbani. Mama mkwe kashika kauli moja tu, soda na chipsi. Ni kweli nilikuwa nakunywa soda, sikatai, lakini dada nimeacha! Wiki tatu sijagusa soda, sukari kwenye chai nimetoa, wali naupima kwa kikombe, jioni natembea na mume wangu mpaka barabara kubwa na kurudi. Naazima mashine ya mama yangu mzazi (yeye ana sukari ya ukubwani) napima kila asubuhi kabla ya kula, inasoma 5.7, 5.9, 5.8, yani haitaki kushuka. Nikimwonyesha mama mkwe anasema unakula kwa kujificha. Nimelia mpaka basi.

Sasa juzi mteja kanionyesha video kwenye simu, wanasema kemikali za plastiki, marashi na madawa ya nywele zinaharibu mwili wa mama mjamzito mpaka unashindwa kutumia sukari vizuri. Nikaangalia maisha yangu nikaogopa. Kutwa nzima niko na dawa ya nywele, spreyi, gundi ya wigi. Mchana nakula kwa mama lishe, wali wake anaufunika kwa nailoni ndo anaweka mfuniko juu, chai inakuja kwenye kikombe cha plastiki inafuka moshi. Ni kweli hayo? Niache saluni? Kodi ya fremu nimelipa miezi sita mbele na mume wangu kazi yake ni ya vibarua.

Halafu kuna kingine sijui kama kinahusiana. Natumia mkorogo, mwaka wa tatu huu. Dada mmoja anatuuzia, nachanganya tyubu nne kwenye chupa ya losheni napaka mwili mzima asubuhi na usiku, inaniisha kama wiki mbili. Kimkebe cha usoni kingine, hakina hata maandishi. Nilijaribu kuacha nilipojua nina mimba, siku ya tatu ngozi ikawa nyekundu inawaka moto nikarudia. Kliniki sijasema. Mume wangu alinikuta hivi, rangi yangu mwenyewe hajawahi kuiona.

Nisaidie dada.
Msusi, Dar

---

Mdogo wangu, kwanza futa machozi. Pili nakushukuru kwa ile aya ya mwisho, uliyoianza kwa "sijui kama kinahusiana", maana kinahusiana sana, na mimi jibu langu linaanzia hapo. Nailoni na dawa za nywele nitazifikia.

Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha kliniki ya wajawazito, nikaona akina mama wenye majibu kama yako wanapewa karatasi ya chakula na kuambiwa wajitahidi, na swali la "unapaka nini mwilini" haliulizwi. Tunauliza uzito, tunauliza kama kuna mgonjwa wa sukari kwenye ukoo, tunapima presha, ngozi tunaiangalia kwa macho tu na pengine tunaisifia. Hilo ni kosa letu sisi watoa huduma, naomba usilibebe wewe.

Sasa nikueleze kinachoendelea mwilini mwako. Mimba yenyewe, hata bila kemikali yoyote, inamfanya mama awe na sukari nyingi kidogo kwenye damu baada ya kula. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoufanya mwili wako uibishie insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, ili sukari ibaki kwenye damu na mtoto apate chakula chake. Kongosho lako linatakiwa kujibu kwa kutoa insulini mara mbili na zaidi ya kawaida. Likiweza, huwezi hata kujua. Likizidiwa, ndo unapata yale majibu yako. Mipaka inayotumika ni 5.1 kabla ya kunywa glukosi, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya masaa mawili, na ukivuka hata mmoja tu inahesabika kisukari cha mimba. Wewe umevuka miwili, lakini si kwa mbali, hilo lishike. Na kwa kuwa mama yako mzazi ana sukari, kongosho lako huenda lilianza na akiba ndogo tokea mwanzo.

Sasa juu ya mzigo huo tuweke mkorogo. Tyubu nyingi zinazochanganywa kwenye losheni kwa ajili ya kung'arisha zina steroidi kali, hasa klobetasoli (kwenye boksi inaandikwa kwa herufi C) au betamethasoni. Hizi ni dawa za hospitali za magonjwa ya ngozi, zinafanya kazi kama ile homoni ya kotisoli ambayo mwili unajitengenezea kwenye tezi za juu ya figo, ila zenyewe ni kali mno. Na kazi ya kotisoli mojawapo ni kuliambia ini limwage sukari kwenye damu na kuiambia misuli isiipokee insulini haraka. Yani kondo linakusukuma upande mmoja na krimu inakusukuma upande huohuo. Wenye mimba wanaochomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto wakiwa hatarini kujifungua kabla ya wakati, ile nayo ni steroidi, na mwenye kisukari cha mimba akichomwa sukari yake inapanda siku kadhaa mpaka tunampima mara kwa mara. Hospitali wanachoma kwa mpango, kwa siku mbili hivi, wakiwa wanaangalia. Wewe unajipaka mwaka wa tatu na hakuna anayeangalia.

Utasema dada, ile ni ya kupaka, haiingii ndani. Inaingia. Maelekezo ya klobetasoli yenyewe yanasema mtu asizidishe gramu 50 kwa wiki na asipitishe wiki 2 mfululizo, kwa sababu ikizidi hapo inafika kwenye damu na kuzilaza zile tezi za juu ya figo. Tupige hesabu yako. Tyubu nyingi ni gramu 25 au 30, kwa hiyo nne ni gramu 100 mpaka 120, zinaisha wiki mbili, maana yake ni gramu 50 mpaka 60 kila wiki. Uko kwenye ukomo wenyewe au umeupita, na badala ya wiki mbili umekaa miaka.

Kuna utafiti wa Dakar, Senegali, uliochapishwa 2007, nikiusoma huwa nawakumbuka wateja wangu wa kliniki. Walichukua wajawazito 99 wa miezi sita hadi tisa kwenye kituo kimoja cha uzazi, wakakuta 68 wanapaka krimu za kung'arisha katika mimba hiyohiyo, na 28 wanapaka zenye steroidi kali. Wale wa steroidi kali kotisoli yao ya asili ilikuwa chini, kondo lao dogo, na waliojifungua watoto wa uzito mdogo walikuwa wengi zaidi kuliko kwa wasiopaka hizo. Kotisoli kuwa chini maana yake tezi zimelala kwa sababu mwili unaona steroidi inatoka nje, ya nini kujichosha.

Na hapa ndo nakuomba unisikilize vizuri sana, maana najua ukisoma mpaka hapa utataka uitupe chupa yote jalalani leoleo. Losheni ya steroidi usiiache ghafla ukiwa peke yako na siri yako. Ule moto na wekundu wa siku ya tatu ni ngozi iliyozoea dawa, huo unaumiza lakini hauui. Kinachonitisha ni tezi zilizolala. Mwili ukikosa steroidi ya nje na ya ndani haijaamka unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka, na siku ya uchungu au ya kupasuliwa ndo siku mwili unahitaji kotisoli kuliko siku zote. Daktari akijua mapema atakupangia namna ya kuipunguza, pengine atapima kotisoli ya asubuhi, na wataandika kwenye kadi yako ili wa chumba cha kujifungulia wajue wanapokea nani. Asipojua, hawezi kukulinda na kitu ambacho hakipo kwenye kadi. Ikitokea umeshaacha na ukaona kizunguzungu kikali, kutapika kusikoisha au mwili kulegea kabisa, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo na kuwaambia nilikuwa napaka steroidi, kwa maneno hayohayo.

Kimkebe cha usoni kisicho na maandishi ni habari nyingine kabisa. Hicho acha leo. Krimu za namna hiyo mara nyingi ndo hukutwa na zebaki, na zebaki haina cha kupunguza taratibu, inaingia kwenye figo zako, inavuka kondo kwenda kwa mtoto. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka kikomo cha sehemu moja kwa milioni kwenye vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana visiwepo kabisa vyenye zebaki ifikapo 2025, lakini dada anayewauzia kwenye mkoba hajasaini mkataba wowote. Tena zebaki haikai kwako peke yako. Kule Marekani, California na Virginia, mwaka 2010 waliwapima watu wa nyumba zilizotumia krimu za hivi na wakakuta zebaki juu hata kwa wasiopaka kabisa, watoto wakiwemo, inapita kwenye taulo, mashuka, mikono. Mtoto wako wa kwanza analala na wewe? Taulo na foronya badilisha, na kliniki omba wakuelekeze pa kupima mkojo wako.

Haya, nije kwenye video. Sio uongo, ila imekata kona. Yapo mambo mawili matatu yanayojulikana vizuri. Mwaka 2010 watafiti wa Hispania waliwapa panya wenye mimba bisfenoli A, ile kemikali ya plastiki ngumu na ya ndani ya makopo ya chakula, mwili wa mama panya ukaibishia insulini kuliko kawaida ya mimba, na miezi minne baada ya kuzaa walikuwa wazito zaidi na insulini yao iko juu, wakati kemikali yenyewe waliacha kupewa zamani. Hicho ndo kilichowashtua watu, kwamba mimba ni kipindi mwili wa mama mwenyewe unaweza kuachiwa alama, tulizoea kumwaza mtoto tu. Kwa binadamu, Boston mwaka 2016 walipima mkojo wa wajawazito wakaona wenye mabaki mengi ya thaleti, kemikali inayotumika kwenye manukato, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kipimo cha glukosi kutoka vibaya, ila thaleti nyingine, ya plastiki laini, ikaonyesha kinyume chake. Ndo maana nasema imekata kona. Mashaka yapo ya kutosha kujikinga, na Ulaya wameyachukulia kwa uzito mpaka 2023 wakashusha kiwango cha bisfenoli A wanachoona salama mara 20,000, lakini hakuna daktari atakayekushika mkono akakwambia 5.8 yako ya leo imetoka kwenye nailoni ya mama lishe.

Habari njema ni kwamba bisfenoli na thaleti hazikai. Zinatoka kwenye mkojo ndani ya masaa, siku moja hivi, kwa hiyo unachobadilisha leo kesho kinaonekana. Nenda kwa mama lishe na bakuli lako la udongo au bati na kikombe chako cha bati, mwambie chakula changu naomba kisiguswe na nailoni ikiwa ya moto. Na huyo mama lishe mwambie kwa upendo kuhusu kufunikia wali nailoni, joto linayeyusha vitu vinadondoka kwenye chakula cha watu wote, majani ya mgomba au kitambaa safi vinabana mvuke vilevile. Mafuta ya moto na plastiki usivikutanishe kabisa.

Saluni usifunge. Fremu umelipia, na mama anayelala akiwaza kodi naye sukari yake haitulii vizuri. Ila gawa kazi. Wewe suka, mabinti wapake dawa za nywele na gundi, wao pia wavae glavu. Feni itazame mlangoni itoe hewa nje. Spreyi ipuliziwe nje ya mlango. Usile chakula ndani ya saluni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujashika hata kipande cha muhogo, na yale marashi ya kujipulizia mwili mzima yapumzike mpaka ujifungue. Udongo wa pemba kama unatafuna, acha, una madini mabaya ndani. Chandarua chenye dawa usikiguse, endelea kulala humo, malaria ya mimba ni hatari kubwa kuliko dawa iliyomo, nalisema hili kwa sababu kila nikiongelea kemikali kuna mama anakwenda kukichana.

Kuhusu 5.7 na 5.9. Lengo la asubuhi ni chini ya 5.3, na baada ya kula ni chini ya 7.8 ukipima saa moja, au 6.7 ukipima masaa mawili. Wiki tatu za chakula na kutembea bila kushuka zinatosha, wala usisubiri tarehe ya kwenye kadi, rudi kesho. Wakikuanzishia vidonge vya metfomini au sindano ya insulini pokea, haina maana kwamba umeshindwa. Na omba wathibitishe ile mashine ya mama kama inasoma sawa na ya kwao, vijiti vikikaa muda mrefu vinadanganya.

Mama mkwe. Huyu mama ana hofu ya mjukuu wake, ila hofu yake imetua kichwani kwako. Mchukue siku moja kliniki, aketi pale, nesi amweleze mwenyewe kondo linafanya nini. Maneno ya kumwambia mkwe yanapokelewa vizuri zaidi yakitoka kwa mwenye koti jeupe. Ya mkorogo huna deni la kumweleza yeye.

Mume wako ni tofauti. Anatembea na wewe kila jioni mpaka barabara kubwa, mdogo wangu, huyo mtu hakufuata losheni. Mwambie njiani, gizani, bila kutazamana kama inakuwa rahisi. Rangi itarudi taratibu, kwa mabaka kwanza, magoti na vidole vitachelewa, utajiona mbaya kwa miezi kadhaa na itakubidi ulijue hilo mapema. Wateja nao watauliza. Mafuta ya nazi yanatosha, na jua la mchana jikinge kwa kanga maana ngozi yako sasa hivi ni nyembamba kama karatasi.

Usirudie baada ya arobaini. Nasema hivi kwa sababu ndo wanaporudi wengi, mzazi anataka kutoka akiwa anang'aa. Utakuwa unanyonyesha, na krimu iliyoko kifuani inaingia kinywani mwa mtoto. Tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua inabidi unywe tena ile glukosi kuona kama sukari imeondoka kweli. Kwa wengi inaondoka, lakini uchambuzi mkubwa wa 2020 ulionyesha aliyepata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara 10 ya kupata sukari ya ukubwani kuliko asiyepata, na wewe kwa mama yako iko tayari. Kongosho lako limeshakuonyesha lilipochokea.

Usiku huu chukua mfuko, weka chupa ya losheni, tyubu zilizobaki, na kile kimkebe ukikifunga vizuri kwenye mfuko wake peke yake, hata kama kimeisha. Andika namba zako za asubuhi za wiki tatu kwenye karatasi. Uning'inize mlangoni pamoja na kadi ya kliniki, na kesho ukiingia chumbani kwa dokta usianze kuongea, mwekee mfuko mezani.